Kabla ya Kuiuza Pauni ya Bibi



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi mama na dada zetu ambao ndio waweka hazina wa majumba haya, juma hili natazama jambo linalozikuta familia nyingi za pwani. Mzee afariki, sanduku lafunguliwa, na chini ya vitambaa zatokea pauni za dhahabu na shilingi za fedha za Uingereza. Huyu asema zina thamani kubwa, yule asema ni vyuma vikuukuu. Aghalabu anayepunjika ni mjane au binti, ambaye hupewa sarafu hizo badala ya fungu lake, au hunyang'anywa kwa bei ya kutupa. Haki ya mrithi haikadiriwi kwa kukisia. Elimu ya sarafu ipo, na vitabu vyake vipo.

Elimu hiyo ina maswali matatu: hii ni sarafu gani, iko katika hali gani, na inauzwa kwa kiasi gani. Asiyetenganisha maswali haya hununua kitabu kisichomfaa.

Kwa swali la kwanza, kitabu cha msingi ni Coins of England and the United Kingdom, kinachotolewa na Spink ya London. Hupanga sarafu kwa kufuata wafalme, na kila aina huipa nambari inayotambulikana na wauzaji. Usidharau utambuzi huu. Shilingi ya 1946 na ya 1947 zote zina kichwa cha Mfalme George wa Sita, na machoni ni kama pacha. Lakini ya kwanza nusu yake ni fedha, na ya pili haina fedha hata chembe. Zilizotengenezwa kabla ya 1920 zilikuwa na fedha asilimia 92.5. Mwenye pauni nyingi za dhahabu atafaidika na The Gold Sovereign cha Michael Marsh, na mwenye sarafu za shaba na kitabu cha Peck. Ama familia yenye sarafu kumi, hivi viwili haivihitaji.

Kwa swali la pili, tafuta kitabu cha Derek Francis Allen, The Standard Guide to Grading British Coins, kinachohusu sarafu za 1797 hadi 1970. Hali huandikwa kwa herufi. F ni sarafu iliyolika sana ingawa sura yake yatambulikana. VF imelika kidogo katika sehemu zilizoinuka. EF haionyeshi kulika ila ukiikazia macho. Na UNC haijapita mikononi mwa watu. Baina ya daraja moja na nyingine bei yaweza kupanda maradufu na zaidi. Kwa hivyo, kitabu cha hali kipime kwa picha zake: chema ni kile kinachoonyesha sarafu ile ile katika kila daraja. Maneno matupu hayatoshi, kwani kila muuzaji huiona yake kuwa njema.

Kwa swali la tatu, tazama mwaka wa chapa. Kitabu cha hali hakichakai upesi, lakini bei za miaka kumi iliyopita hazifai kugawia mirathi ya leo. Na ufahamu kwamba bei iliyoandikwa ni ile ambayo mfanyabiashara humwuzia mkusanyaji. Yeye akinunua kwako atatoa pungufu. Warithi wakadirie kwa kile kitakachopatikana kweli.

Yako mambo matatu kitabu hakitakufanyia. Kwanza, usiisugue sarafu kwa ndimu, ukwaju wala majivu. Mng'aro huo huiharibu thamani yake mbele ya mkusanyaji. Pili, pauni iliyotiwa kikuku ikawa kidani imeshatoka katika daraja hizo, basi ihesabiwe kwa uzito wa dhahabu. Tatu, ipeleke kwenye mizani ya sonara mwaminifu: pauni kamili ina uzito wa gramu 7.98, na dhahabu safi ndani yake ni gramu 7.32. Iliyopungua uzito waziwazi itiliwe shaka, kwani za bandia ni nyingi.

Hesabu hiyo ya mwisho ina faida nyingine. Kwa kiwango cha gramu 85 za dhahabu safi, pauni kumi na mbili zilizowekwa akiba zimeshafika nisabu, na zikitimiza mwaka zaka imewajibika.

Vitabu hivi ni ghali kwa mtu mmoja. Lakini ndugu watano wanaorithiana waweza kuchangiana kimoja, wakakifungua pamoja mezani, mjane na binti wakiwapo na wakiona kwa macho yao. Hapo kila mmoja atachukua fungu lake kwa moyo mkunjufu.

Wabillahi tawfiq.