Gitaa la Umeme Si Uhuni, ni Ufundi

Nina dukuduku langu. Nalo ni hili: kijana akijulikana anapenda magitaa, watu humkunjia uso. "Huyo keshapotea," husema. Na akisema kwamba yeye huliunda gitaa kwa mikono yake, basi huonekana karukwa na akili kabisa. Mimi nasema bila kupepesa macho kwamba kuunda gitaa la umeme ni ufundi kamili, na unastahili kupewa meza na msumeno hapa shuleni petu.

Hebu kwanza tufahamiane gitaa hilo ni kitu gani. Gitaa la kawaida lina tumbo lililo wazi ndani, na hilo tumbo ndilo likuzalo sauti. Gitaa la umeme aghalabu ni ubao mzima. Kazi yake hufanywa na kidude kiitwacho pikapu (si ile ya kubebea mitungi ya maji, jamani!). Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mara 7,000 na zaidi. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, nguvu ya sumaku inayopita katika waya hubadilikabadilika, na umeme mdogo huzaliwa. Umeme huo ukifika kwenye amplifaya hukuzwa, spika ikaugeuza kuwa sauti. Basi! Siri hiyo aliifichua Michael Faraday mwaka 1831, nasi twaikariri katika Fizikia ya Kidato cha Nne bila kujua yatufaa nini.

Hesabu nazo zimo. Vile vyuma vyembamba vilivyolazwa shingoni mwa gitaa huitwa freti, na havitiwi kwa kukisia. Chukua urefu wa uzi, tuseme milimita 648. Gawanya kwa 17.817. Utapata milimita 36.4, na hapo ndipo freti ya kwanza ilipo. Urefu uliobaki ugawanye tena kwa 17.817 upate ya pili, uendelee hivyo hivyo mpaka ya 12, ambayo huangukia katikati ya uzi kabisa, milimita 324. Msumeno ukienda upande kidogo tu, sikio litakuumbua. Mwalimu wa Hisabati anaweza kukusamehe, lakini gitaa halisamehe.

Mimi nililiunda langu katika likizo mbili, kwenye karakana ya mjomba wangu aliye seremala huku Mji wa Kale. Mwili niliuchonga kwa kipande cha mvule kilichobaki alipotengeneza mlango. Waya nilizungusha kwa cherehani ya mkono, ndugu yangu mdogo akihesabu kwa sauti hadi mate yakamkauka. Kulehemu nilifundishwa na fundi wa redio. Sitawadanganya kwamba nilitumia pesa kidogo. Nyuzi na vigingi vya kukazia ilinibidi kununua, na nikijumlisha yote, gitaa la bei nafuu la dukani lingenigharimu karibu sawa na hilo. Kwa hivyo anayesema tuunde ili tuokoe pesa hajaunda.

Sasa hapo mtu ataniuliza, "Kama ni hivyo, si ununue tu?" Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na jibu langu lina sehemu tatu.

Kwanza, gitaa la dukani huingia kwa kontena pale Kilindini likiwa limekwisha kila kitu. Hewa yetu ya chumvi ikalila, nyuzi zikashika kutu, shingo ikapinda kwa unyevunyevu, mwenyewe hajui pa kuanzia. Huliegemeza ukutani, likawa pambo. Lakini aliyeunda anajua kila parafujo aliitia lini na kwa nini. Langu likikohoa, nalifungua.

Pili, aliyeunda huwa amejifunza hata lugha. Wanachama wenzangu, hapa nasema nanyi hasa. Randa, patasi, keekee, tupa, jiliwa, msasa, bisibisi: maneno haya tumeyasoma tangu shule ya msingi katika msamiati wa vifaa vya ufundi, tukayajibu kwenye mtihani, tukayasahau. Wangapi kati yetu wameishika randa? Mimi nilipoishika ndipo nilipofahamu kwamba kuna kupiga randa kwa kufuata nyuzinyuzi za mbao na kuna kupiga kinyume, na kwamba huko kinyume ubao huchanika. Kiswahili cha mafundi kipo hai pale Kibokoni na Majengo. Chama chetu kinakitafuta vitabuni tu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ala tusiyojua kuiunda hutuponyoka. Tazameni kibangala, ambacho wengine hukiita gambusi. Kilikuja pwani yetu kutoka Yemeni, mafundi wetu wakakichonga kwa gogo moja na kukiwamba ngozi. Siku hizi harusini huoni kibangala, waona kinanda cha umeme. Wapigaji hodari hatukuwakosa. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyekaa Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2016, alisifika mbali kwa kupiga udi. Lakini je, nani kati yetu sisi vijana ameketi mbele ya fundi anayechonga udi au kibangala? Mpigaji akifa huacha kanda. Fundi akifa bila mwanafunzi, huacha vumbi la mbao tu.

Wapo watakaosema gitaa la umeme ni la Wazungu, halituhusu. Kwani udi ni wa nani? Na taishokoto? Ala hiyo yenye vibonyezo kama vya taipureta ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Ilipofika Mombasa ilitiwa umeme, ikaingia katika taarabu ya kina Zuhura Swaleh, na leo hakuna anayethubutu kusema si yetu. Them Mushrooms, waliounda bendi yao hapa pwani mwaka 1972, walishika magitaa ya umeme wakaimba Kiswahili kilichosikika dunia nzima. Mji huu umezoea kupokea kitu kutoka baharini na kukifanya cha nyumbani. Kilichobaki ni kukifanya kwa mikono pia.

Na wasidhani walioanza walikuwa mabingwa wa muziki. Leo Fender wa California, ambaye magitaa yake aina ya Stratocaster yalianza kuuzwa mwaka 1954, alikuwa fundi wa redio. Hata kupiga gitaa hakujua! Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa kundi la Konono No. 1 alitumia sumaku za vipuri vya magari makuukuu akaitia umeme likembe, ile ala ya vyuma vya kupiga kwa vidole gumba.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Brian May. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa umri wetu huko Uingereza, yeye na babake walianza kuunda gitaa nyumbani kwa sababu hawakuwa na pesa za kununua lile alilolitamani. Shingo waliichonga kwa mbao za meko kuukuu. Springi zilitoka kwenye pikipiki, na alama za shingoni zilikuwa vifungo vya nguo kutoka kisanduku cha mamake cha kushonea. Iliwachukua kama miaka miwili. Gitaa hilo hilo ndilo alilolipiga katika bendi ya Queen, kando ya mwimbaji Freddie Mercury, ambaye alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Brian May baadaye alipata shahada ya uzamifu katika elimu ya nyota. Anayesema magitaa huharibu masomo na atueleze hapo pakoje.

Najua wako wazee wasiopenda ala za muziki kwa sababu za dini. Hao nawaheshimu na sibishani nao. Nawaomba walimu na wazazi waliobaki, ambao husikiliza muziki nyumbani na garini lakini humwona muundaji wa ala kuwa mhuni. Kijana aliyeinama saa tano juu ya ubao, penseli sikioni, apata wapi nafasi ya uhuni?

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ufundi wa mbao ulifundishwa hata katika shule za msingi. Baadaye masomo yakaonekana mengi, na masomo ya mikono ndiyo yakakatwa. Sasa tuna mtaala mpya, na wenzetu walioanza sekondari ya juu Januari 2026 wamechagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Ni jambo jema. Lakini gitaa langu nitaliweka mkondo gani? Lina sumaku, lina mbao, lina hesabu, lina wimbo. Nachelea tusije tukampeleka mwenye sikio upande mmoja na mwenye lehemu upande mwingine, wasikutane tena.

Kwa hivyo natoa maombi matatu. La kwanza, shule itupe meza moja na jiliwa moja, Jumamosi asubuhi, chini ya mwalimu mmoja. Mbao tutaokota masalio kwa maseremala, na waya tutafungua redio mbovu. La pili, tualike mafundi: seremala wa Mji wa Kale, fundi wa redio, mchongaji kutoka Changamwe. Waje wafundishe, wala wasiulizwe vyeti. La tatu, Chama cha Kiswahili kiandike kila neno watakalotamka mafundi hao, tulichape katika toleo lijalo la jarida hili. Kamusi itatushukuru.

Wenzangu, mcheza kwao hutuzwa, chambilecho wahenga. Lakini hutuzwa zaidi akicheza kwa ngoma aliyoiwamba mwenyewe. Anayetaka kuanza na anitafute Kidato cha Nne. Msumeno ninao, na fundi nimeshazungumza naye. Kilichobaki ni ruhusa, nayo imo mikononi mwenu, walimu wetu.