Kikombe kimoja cha uji

Nimechoka kusikia kwamba wema mdogo haubadilishi kitu. Kwetu wasomi wa mitandaoni kauli hii imekuwa fasheni: eti kinachotakiwa ni mifumo, sera na bajeti, mengine ni hisia tu. Haya, twende Kagera tukaipime.

Mwaka 1983 hospitali ya Ndolage, Muleba, iliripoti wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini. Watu wakauita ugonjwa ule Juliana. Mpango wa taifa wa kutoa ARV bure ulianza 2004. Hesabu mwenyewe: miaka 21. Muda wote huo mfumo ulikuwa wapi? Na wagonjwa waliogeshwa na nani?

Nilikuwa mtoto huko Kamachumu. Jirani yetu, mjane mmoja, kila asubuhi alimpelekea uji kijana ambaye ndugu zake walishamtengea sahani na kikombe. Akishindwa kumaliza, yule mama aliyanywa mabaki kwa kikombe kilekile, watu wakimwona. Hakuhubiri. Alisuuza kikombe, akarudi kwenye migomba yake. Baada ya wiki kadhaa, majirani wengine wakaanza kuingia nyumba ile.

Utaniambia: si alikufa? Ndiyo, alikufa. Ila alikufa akiwa na watu. Nasi watoto tuliokuwa tukichungulia mlangoni tulijua kwamba kikombe hakiambukizi, jambo ambalo mabango ya kututisha hayakutufundisha.

Lawama yangu ni kwa waandishi, nami nikiwemo. Kagera tunaiandika kwa misiba tu: vita vya Amin, MV Bukoba 1996, tetemeko 2016, ndege iliyoanguka ziwani 2022. Hata siku ile ya ndege tulitafuta shujaa mmoja wa kupiga naye picha. Wavuvi wengine waliofika na mitumbwi yao tukawasahau. Tunataka wema wenye kichwa cha habari.

Sisemi serikali ikae tu. Dawa zilifanya ambacho uji usingeweza. Lakini mfumo huchelewa, na wakati tunausubiri kuna mtu kitandani ana njaa. Bukoba mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Hawasubiri bajeti.

Anayesema uji haubadilishi kitu, nadhani hajawahi kulala mgonjwa akisikiliza kama kuna anayebisha hodi.