Kiingereza Tunakijua, Mbona Mtihani Watubwaga?

Binti wa shangazi yangu ni muuguzi. Kwa miaka tisa sasa amekuwa akipokea na kukabidhi zamu kwa Kiingereza, akijaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza, na akiudhika huwakaripia wanawe kwa Kiingereza hicho hicho. Mwaka jana aliufanya mtihani wa IELTS ili atafute kazi Uingereza. Katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza alizipata zile alama 7 zinazohitajika. Katika kuandika alipata 6. Baraza la wauguzi na wakunga la huko lilitaka 6.5.

"Dada, ni nusu alama tu," aliniambia akiwa sebuleni kwangu, mkoba ungali magotini kana kwamba hakukusudia kukaa. "Nusu alama imemeza zaidi ya shilingi elfu ishirini za chama."

Ada hiyo aliikopa katika chama chao cha akina mama na angali anailipa.

Mpenzi msomaji, hayuko peke yake. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka wahudumu wetu wa afya wakafanye kazi huko. Novemba mwaka huo huo Wizara ya Afya ikatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 pekee waliofaulu. Katika matatu watu walicheka. Wengine walikasirika, wakauliza vipi lugha tunayoanza kuimbishwa tangu shule ya nasari, lugha ambayo katiba ya 2010 yaitambua kuwa rasmi pamoja na Kiswahili, iweze kuwabwaga wauguzi 290 kwa mpigo. Jibu lililoenea mitaani lilikuwa kwamba wazungu hawataki twende kwao. Mimi sikubaliani nalo, ingawa nina lawama zangu kuhusu mtihani wenyewe, nami nitazitoa papa hapa kabla ya kuweka kalamu chini.

Kwa kuwa IELTS hairudishi karatasi za mtahiniwa, nilimwomba dada huyu aniletee insha alizoziandika wakati wa kujiandaa. Alileta kumi na nne, zimefungwa kwa mpira. Nilizisoma usiku mmoja, na nakiri kwamba nilianza nikitarajia makosa ya mtoto wa shule. Hayakuwapo. Nyakati za vitenzi zilikuwa sawa, tahajia ilikuwa safi kuliko ya baadhi ya wanahabari ninaowafahamu. Lakini kila ukurasa ulikuwa na kitu kinachokwaruza sikio. Aliandika 'equipments' na 'advices', kwa sababu Kiswahili chatupa vifaa na mashauri, ilhali Kiingereza hakikubali kuyahesabu maneno hayo wala kuyatia wingi. Aliandika kwamba mgonjwa alikataa 'to drink his tablets'. Sisi hunywa dawa, hata iwe tembe kavu. Mwingereza haimbi wimbo huo. Yeye husema 'take', iwe tembe, iwe ya maji.

Kosa la pili lilinitia huzuni zaidi, kwani alikuwa amelilipia. Alihudhuria madarasa ya jioni mahali fulani katikati ya jiji ambapo wanafunzi walipewa orodha ya maneno makubwa makubwa ya kukariri, wakaahidiwa kuwa mtahini akiyaona atatoa alama nyingi. Basi insha zilijaa 'plethora' na 'myriad'. Wodi yake ilikuwa na 'a plethora of sick patients', kana kwamba kuna wagonjwa wasiougua.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtihani wa anayeanza lugha huuliza: je, unalijua neno hili? Mtihani wa aliyebobea hauna haja na swali hilo. Huuliza: je, unawajua majirani wa neno hili?

Chukua neno letu 'kali'. Jua ni kali, upepo ni mkali, kisu ni kikali, mwalimu ni mkali, na pombe ya mtungi nayo ni kali. Neno moja labeba mizigo mitano bila kulalamika. Kwa Kiingereza jua litakuwa 'hot', kisu 'sharp', mwalimu 'strict', kisha cha ajabu upepo na pombe huchangia neno moja, 'strong'. Nani aliamua hivyo? Hakuna kanuni ya sarufi itakayokuambia. Utayajua kwa kuyasikia na kuyasoma yakiwa pamoja, mara ishirini, mara hamsini.

Sisi nasi tunayo mambo yetu ya kumtoa mgeni jasho. Hebu mpe mzungu aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi sentensi hii ajaze pengo: "Baba aliporudi usiku alipiga ..., lakini hakuna aliyemfungulia." Atafikiri kwa makini na kuandika 'mlango'. Mtoto wa darasa la tatu ataandika 'hodi' bila kuinua kichwa. Mzungu huyo ana msamiati, anaijua ngeli ya mlango na wingi wake, lakini pengo limemfichua.

Watahini walichukua muda mrefu kuligundua pengo hilo. Chuo Kikuu cha Cambridge kilipoanzisha mtihani wa ustadi wa Kiingereza kwa wageni mwaka wa 1913, mtihani huo ulichukua saa 12. Watahiniwa walitafsiri, waliandika insha, walipimwa sarufi na hata elimu ya matamshi. Waliojitokeza mwaka huo walikuwa watatu. Wote watatu walianguka! (Natumai wauguzi wetu 290 watapata faraja kidogo.) Mtihani huo ungalipo hadi leo, na kwa wale wasioujua, ndio wa juu kabisa katika mitihani ya Kiingereza ya Cambridge.

Pengo lenyewe lilitoka kwetu sisi wanahabari, jambo ambalo huniburudisha. Mwaka wa 1953 Mmarekani Wilson Taylor aliandika katika jarida la taaluma ya uanahabari kuhusu njia ya kupima kama makala yanasomeka kwa urahisi. Alifuta maneno kwa utaratibu maalumu, mathalani kila neno la tano, akawapa watu wajaze maneno yaliyofutwa. Mapengo yakijazwa bila taabu, makala ni rahisi. Wazo lake lilitokana na wataalamu wa saikolojia waliosema kwamba jicho likiona duara lililokatika kidogo, akili hulifunga lenyewe. Walimu wa lugha wakaichukua njia hiyo na kuigeuza: badala ya kumpima mwandishi, wakampima msomaji. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma safu hii aijua vyema, kwa kuwa KCSE humpa mapengo 10 kwa alama 10.

Katika mitihani ya juu ya Cambridge mapengo mengi huwa ya maneno madogo yasiyovutia macho. Mtu huwa 'interested in', 'good at', 'afraid of', kisha 'responsible for'. Kiswahili chetu huweza kwenda safari ndefu kwa 'kwa', 'katika' na kiambishi 'ni' nyuma ya nomino. Hivyo Mkenya hulikamata neno kubwa na kuliacha dogo likianguka njiani.

Aina nyingine ya swali hukupa neno mzizi ukaligeuze. Tuseme umepewa 'rely', na sentensi yasema: 'The matatus on our route are so ... that I walk to work.' Mwenye haraka ataandika 'reliable', aone amemaliza. Lakini huyu mtu mbona anatembea? Jibu ni 'unreliable', na swali lilikuwa likipima kama ulisoma hadi nukta. Kisha kuna lile la kukupa sentensi na kukuamuru uiseme upya ukitumia neno ulilopewa, bila kupotosha maana. 'I regret not studying harder', tumia 'wish'. Ni lazima uandike 'I wish I had studied harder'. Hakuna pa kubahatisha.

Nalitaja suala la kubahatisha makusudi. Toka 1985 hadi 2023 mtoto wa Kenya alikutana na Kiingereza cha KCPE katika maswali 50 ya kuchagua A, B, C au D, pamoja na insha. Anayefumba macho na kuchagua ovyo katika maswali 50 kama hayo hutarajiwa kupata kama 12. Hiyo si hoja yangu kubwa, ingawa. Kubwa ni kwamba maswali hayo hukufunza kulitambua jibu likiwa limewekwa mbele yako. Kulitambua na kulitoa kichwani ni kazi mbili tofauti, kama vile kumtambua jirani ukimwona sokoni na kulikumbuka jina lake anapohitaji kuitwa. Shule nyingi ziliacha insha iwe ya jioni, mwalimu akiwa amechoka na ana vitabu sitini vya kusahihisha, na zikafanya asubuhi kuwa ya A, B, C, D. Dada huyu ni zao la asubuhi hizo, nami pia.

IELTS haina karatasi ya peke yake ya sarufi na msamiati. Badala yake, katika kuandika na katika kuzungumza, anayesahihisha hutoa alama kwa mambo manne yenye uzito sawa, na mawili kati ya hayo ni msamiati na sarufi. Nusu nzima! Wala haangalii usahihi tu. Huangalia kama una aina mbalimbali za sentensi na kama maneno uliyochagua yanakaa vizuri pamoja. 'Plethora' iliyowekwa mahali pabaya huharibu badala ya kusaidia.

Sasa lawama nilizoahidi. Katika saa moja ya kuandika, muuguzi huyu alitakiwa kueleza jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, kisha ajenge hoja kwa maneno 250 kuhusu jambo ambalo laweza kuwa utalii au magari mijini. Wodini hakuna siku atakayeombwa kuandika kuhusu utalii. Ataandika barua ya kumhamisha mgonjwa, au maelezo ya dawa. Upo mtihani mwingine uliotungwa Australia kwa ajili ya wahudumu wa afya, uitwao OET, ambapo muuguzi huandika barua ya aina hiyo na kuzungumza na mtu aliyejifanya mgonjwa. Baraza la Uingereza huukubali pia. Ada yake ni ghali kuliko ya IELTS, na hapo ndipo wengi wetu huishia. Tena, matokeo ya IELTS kwa kawaida huhesabiwa kuwa halali kwa miaka 2 tu, kama kwamba mtu husahau lugha jinsi maziwa yanavyochacha. Hayo nayasema kwa sauti. Lakini 'drink his tablets' ni kosa katika mtihani wowote kati ya hiyo miwili.

Aliponiuliza afanye nini, nilimwambia kwanza aichane ile orodha. Hakuichana, kwa sababu aliinunua, ila ameiweka chini ya godoro. Sasa ana daftari ambamo haandiki neno likiwa pweke. Haandiki 'decision', huandika 'make a decision'. Haandiki 'attention', huandika 'pay attention to', na hicho kijineno cha mwisho hukipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Jioni za Jumapili familia yao hufanya mchezo wa Taylor mezani. Mwanawe wa kwanza hukata makala fupi kutoka gazeti la Kiingereza, huacha sentensi ya kwanza nzima ili msomaji ashike mkondo, kisha hufuta kila neno la saba kwa wino mweusi na kuandika majibu nyuma ya karatasi. Mtu yeyote nyumbani aweza kufanya hivyo, na gharama yake ni gazeti la jana. Taylor alihesabu neno lile lile lililofutwa tu, lakini kwa mazoezi ya nyumbani ni vyema kukubali neno lolote linaloingia bila kuumiza maana. Ubishi utatokea. Uacheni utokee, maana mnapobishana kama ni 'at' au 'in' ndipo kila mmoja analisikia neno likiwa mahali pake.

Nilihudhuria mchezo huo mara moja. Waliniwekea ukurasa wa Kiswahili, kwa ukorofi, wakisema mwandishi hawezi kushindwa na lugha yake. Kati ya mapengo 20 nilijaza 16. Lililoniumiza ni la mtu aliyekata ..., nami nikaandika 'tamaa' kwa fahari, kumbe aya nzima ilikuwa ikielekea mazishini na neno lilikuwa 'roho'.

"Hukusoma hadi nukta," mwanawe aliniambia.

Amejisajili tena kwa mtihani. Safari hii chama hakikumkopesha. Wanachama walisema amalize kwanza deni la nusu alama, kwa hivyo ameuza mashine yake ya kushona.