Faida ya nyumba chakavu huvujia mikononi mwa fundi

Kila mavuno yanapokwisha, baadhi ya wakulima na wafanyabiashara wa mazao katika miji kama Makambako, Mbeya na Iringa hutafuta mahali pa kuzungushia fedha zao. Wapo wanaohifadhi magunia wakisubiri bei ipande. Wapo pia wanaonunua nyumba chakavu, kuikarabati na kuiuza. Biashara hii ya pili huonekana nyepesi kwa kuwa nyumba haioti wadudu ghalani. Hata hivyo, namna fundi anavyolipwa ndiyo mara nyingi huamua kama mwenye mali atapata faida au la.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ananunua nyumba kwa Sh30 milioni, anatenga Sh8 milioni za ukarabati na kuiuza kwa Sh46 milioni. Kwenye karatasi ana faida ya Sh8 milioni. Lakini hesabu hiyo ina matundu matatu.

Tundu la kwanza ni malipo ya awali. Ni desturi fundi kuomba nusu ya fedha kabla ya kushika mwiko. Ukarabati mwingi hufanyika kiangazi, kati ya Julai na Oktoba, wakati ambao karibu kila mwenye fedha anajenga. Fundi mmoja huweza kushika saiti tatu kwa wakati mmoja, na fedha ya mteja mpya ikatumika kumalizia kazi ya mteja wa zamani. Fundi akishapokea fedha nyingi kuliko kazi aliyofanya, mwenye nyumba hubaki kumpigia simu.

Mkulima analijua hili shambani kwake. Halipi palizi ya ekari tano kabla jembe halijagusa ardhi. Kipande kikilimwa hupimwa, ndipo kinalipwa. Utaratibu huo huo unafaa kwenye nyumba. Kama ufundi ni Sh3 milioni, zigawanywe kwa hatua: paa, kisha mabomba na nyaya za umeme, kisha plasta na sakafu, mwisho rangi. Kila hatua ilipwe baada ya kukaguliwa. Sehemu moja ya kumi, yaani Sh300,000, ibaki kwa mwenye nyumba hadi mwezi mmoja baada ya makabidhiano, kwa sababu bomba linalovuja au ukuta unaopasuka hauonekani siku ya kwanza.

Vifaa navyo ni bora mwenye nyumba avinunue mwenyewe, avihifadhi na kuvitoa kwa kuhesabu. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na likishapigiliwa si rahisi kulitambua kwa macho. Makubaliano yataje geji ya bati, unene wa nondo na idadi ya mifuko ya saruji.

Tundu la pili ni muda. Kama Sh10 milioni kati ya fedha hizo ni za mkopo wenye riba ya asilimia 2 kwa mwezi, kila mwezi unakula Sh200,000. Kazi ya miezi miwili ikichukua sita, riba inapanda kutoka Sh400,000 hadi Sh1.2 milioni. Kwa mkulima hasara ni zaidi ya riba, kwani mvua za Novemba zikianza, fedha ya mbegu na mbolea bado imefungwa ukutani.

Tundu la tatu ni stakabadhi. Mkazi anayeuza nyumba hutozwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) asilimia 10 ya faida, na gharama za kuiboresha nyumba huondolewa kabla ya kukokotoa, mradi zina ushahidi. Katika mfano wetu, mwenye stakabadhi zote atalipa Sh800,000. Mwenye hati ya kununulia tu, bila ushahidi wa ukarabati, faida yake itasomeka Sh16 milioni na kodi Sh1.6 milioni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukiunganisha matundu hayo, picha inakuwa wazi. Aliyesimamia vizuri anabaki na Sh6.8 milioni baada ya kodi na riba. Aliyepotelewa na malipo ya awali ya Sh1.5 milioni, akachelewa na kukosa stakabadhi, anabaki na Sh3.7 milioni, ilhali bei ya kuuza haijashuka hata shilingi moja.

Haina maana kwamba kila fundi ni mwizi. Fundi naye ni mfanyabiashara mdogo asiye na mtaji, mwenye vibarua wanaotaka posho ya kila siku. Mwenye nyumba anayechelewesha malipo ya hatua iliyokamilika, au anayebadili ramani katikati ya kazi, humlazimisha fundi kutafuta saiti nyingine. Mabadiliko yoyote yaandikwe na bei yake kabla hayajaanza.

Sheria ya mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, ila kuyathibitisha ni kazi ngumu. Karatasi moja inatosha: kazi zenyewe, bei, tarehe ya kumaliza, hatua za malipo na nani atafuatilia kibali cha halmashauri kama kuna ukuta wa kuvunjwa au chumba cha kuongezwa. Isainiwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Kwa kazi kubwa, ni busara kutafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997.

Asiye na nafasi ya kufika saiti walau mara mbili kwa wiki, wala mtu wa kumwamini kumwakilisha, ni heri abaki na magunia yake.