Siku Baba Aliposafiri

Katika kikao chetu mwenzetu mmoja aliuliza: ukeketaji wa Wasomali unatuhusu nini sisi wa Kibondo na Kasulu? Kwa Waha hiyo si mila. Swali lake ni la haki, nasi hatukumkemea.

Tulimsimulia habari za Edna Adan Ismail, mkunga aliyefungua hospitali ya uzazi mjini Hargeisa mwaka 2002. Baba yake alikuwa daktari, wala hakutaka bintiye akeketwe. Aliposafiri, mama na bibi walimwita mkeketaji. Baba aliporudi alitokwa na machozi, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Tusiwahukumu upesi akina mama wa namna hiyo. Wengi huogopa kwamba binti asiyekeketwa atachekwa, na hataolewa.

Hapo ndipo penye fundo. Kwa Wasomali wengi binti hukatwa kisha hushonwa. Mkojo na damu ya mwezi hutoka kwa taabu, na akijifungua hukatwa tena. Kenya ilitunga sheria ya kupiga marufuku jambo hili mwaka 2011, lakini sheria haiketi jikoni na bibi. Kwa hiyo elimu inayofaa ni ile inayowakalisha wote: bibi, baba, vijana wanaotafuta wachumba, na masheikh wanaoeleza kwamba Kurani haikuagiza. (Biblia nayo haikuagiza, na hapa Tanzania Wakristo wamo wanaokeketa. Tusijifiche.) Kuna pia wanaoacha kushona na kukata kidogo tu, wakiita "sunna", wakadhani wameacha mila. Kisu ni kisu.

Sasa turudi kwetu. Binti zetu huolewa mbali, hata mkoani Mara ambako mila hii ipo. Sheria yetu ya 1998 inamtaja msichana aliye chini ya miaka 18. Bibi arusi wa miaka 20 haimtaji, naye yuko peke yake ugenini, mbele ya mama mkwe na mawifi.

Basi posa ikitoka huko, kabla ya kupokea mahari, wazazi waulize waziwazi mbele ya wazee wa pande zote mbili, na binti mwenyewe awe ameketi hapo akisikia jibu.