Waifai iko wazi, halafu eti mimi mwizi?



Leo sina stori za bumu wala za test. Nina hasira. Juzi usiku mshikaji wangu tunayesoma naye ualimu alikaa kwenye ngazi nje ya mgahawa mmoja karibu na chuo, anatuma asaimenti. Bando lilikuwa limekata, simu ikamwonyesha waifai ya pale haina neno la siri, akaingia. Dakika kumi hazijaisha, mlinzi huyo hapo: "We kijana, mwizi wa intaneti!" Watu wakageuka kumtazama kama kaiba kuku. Asaimenti ikaishia njiani.

Tuliporudi hosteli ubishi ukawaka, na wengi wakasema kweli ni wizi. Mimi nakataa.

Ruta iliyo wazi haikai kimya jamani. Inatangaza jina lake hewani karibu mara 10 kila sekunde. Simu yako ikiomba kuingia, inaikubalia na kuipa anwani. Yaani umepiga hodi, umejibiwa karibu. Mwizi gani huyo anayekaribishwa?

Najua mtasema mashine si mwenye nyumba. Sawa, lakini ni mwenye nyumba aliyeiacha iseme karibu kwa kila mtu. Kuweka neno la siri ni kazi ya dakika chache. Ukilivunja hilo, wewe ni mwizi na sikutetei. Ukiambiwa toka ukang'ang'ania, vilevile. Na ukishusha muvi mpaka wateja wake wakwame, huna adabu. Lakini kutuma kurasa nane tu?

Msidhani ni utani, watu wameshaadhibiwa. Mwaka 2007 huko Sparta, Michigan, Marekani, jamaa mmoja alikuwa anakaa kwenye gari lake nje ya mgahawa, anasoma barua pepe kwa waifai iliyowekwa kwa ajili ya wateja. Polisi aliyemhoji ilibidi kwanza akatafute kama hilo ni kosa. Mwenye mgahawa naye hakujua kuwa ni kosa. Mwisho wa siku jamaa akalipa dola 400 na kufanya kazi za jamii kwa saa 40. Yaani anayeitwa kaibiwa hajui kama kaibiwa!

Ujerumani mwaka 2010 mahakama yao kuu ya rufaa ikamgeukia mwenye waifai: wakati huo alikuwa na wajibu wa kuifunga kwa neno la siri, asipofanya hivyo na wengine wakaitumia vibaya, naye alibeba lawama. Angalau hapo mwenye mlango aliambiwa afunge mlango wake.

Kwetu je? Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na isivyo halali. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida uliyopata ikiwa hiyo ndiyo kubwa, au jela isiyopungua mwaka 1, au vyote pamoja. Sasa ruta ikiwa wazi, "isivyo halali" inaanzia wapi? Kifungu hakisemi. Kwa hiyo anayevamia kompyuta za benki na mshikaji wangu wa pale kwenye ngazi wanaweza kusomewa kifungu kimoja.

Ninachotaka ni kidogo tu: sheria iseme wazi kwamba waifai isiyo na neno la siri wala tangazo la kukataza ni ruksa, mpaka mwenyewe aseme basi. Sisi ni walimu watarajiwa. Hivi kweli utamchapa mwanafunzi kwa kanuni ambayo hukuwahi kuiandika ubaoni?

Na wewe mwenye mgahawa, weka neno la siri, liandike kwenye risiti ya chai. Bumu likitoka tutakuja kuinunua hiyo chai.

Nawasilisha. Anayebisha aje chumbani, ila aje na bando lake.