Injini Iliyofungwa Upya Haitakiwi Kugoma

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, mwenye gari lililotoka kufanyiwa ovahoo akikuta stata inanguruma tu bila kuzungusha kitu, huambiwa maneno yale yale. Mengi hayana msingi, na moja linaua injini.

"Ni mpya, lazima ikaze." Hapa kuna chembe ya ukweli, ndiyo maana dai hili halifi. Ringi mpya husugua silinda, kwa hiyo injini huwa nzito kidogo. Lakini nzito si kugoma. Toa plagi zote ili mgandamizo usikuzuie, kisha shika boliti ya puli ya krenki kwa soketi na mpini wa kawaida. Mtu mmoja anatakiwa kuzungusha mizunguko miwili kamili, uzito ukiwa ule ule mwanzo hadi mwisho. Ikikaza mahali pamoja tu, kuna kilichopinda au kinachogusana. Ikikaza kote, zishuku beringi kwanza. Ikizunguka vizuri, achana na krenki, hamia kwenye umeme.

"Basi nunua betri kubwa." Taratibu! Bloku ikipakwa rangi, waya wa asi hufungwa juu ya rangi na umeme haupiti sawasawa. Kukwangua rangi ni bure.

"Ivute kwa gari lingine, italegea njiani." Hili ndilo la hatari. Kati ya beringi na krenki ya gari dogo huachwa nafasi ya kama milimita 0.03 hadi 0.06, na ndiyo inayobeba oili. Nafasi hiyo isipokuwepo, kuvuta gari ni kusaga chuma kwa chuma mpaka beringi ishike na krenki ikwaruzike. Nafasi hupoteaje? Umeagiza spea Dar kwa simu, ikaja beringi nene ya krenki iliyochongwa milimita 0.25 wakati yako haijachongwa. Au fundi kachanganya vifuniko vya beringi. Vile vilichongwa pamoja na bloku, kila kimoja na kiti chake na upande wake. Cha pili hakikai kwa cha tatu hata kama vinafanana kama mapacha. Fundi makini hukaza kifuniko kimoja, huzungusha krenki kwa mkono, ndipo huenda kingine. Inapokwama, mkosaji kajitaja.

"Funga kavu, oili itapanda yenyewe." Anayesema hivi Kigoma hajaitazama vizuri meli ya Liemba. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ikiwa bado Graf von Götzen, lakini kwanza walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zile za mvuke zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini nazo. Hazikutolewa mpaka miaka ya 1970, ilipowekwa dizeli. Grisi ilizilinda miaka yote ile chini ya ziwa. Wewe unainyima krenki yako vijiko viwili vya oili siku ya kuifunga?

Kabla hujamaliza kulipa, mwambie fundi azungushe krenki mbele yako, plagi zikiwa nje. Akianza kutafuta kamba ya kuvutia gari, shika salio lako.